Leza imerefusha mtego wa radi, sisi waya tumeuza

Mjomba wangu ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kanda ya Ziwa, mwalimu wa zamani, wa chaki na suruali ya kaki. Nilipokwenda kumsalimia mwaka jana alinitembeza shuleni kwake, akanisimamisha nyuma ya darasa la tano, akaninyooshea kidole juu ya paa. Pale juu kulikuwa na mtego wa radi: fimbo ya shaba yenye ncha, imesimama wima kama inavyotakiwa. Kutoka kwenye fimbo ukanda wa shaba ulishuka ukutani, umeshikwa na vibanio, mpaka pale mkono wa mtu mrefu unapofika. Hapo ukakatika. Chini yake vilibaki vibanio vitupu, mstari wa kijani ukutani palipokuwa pamekaa shaba miaka yote hiyo, na shimo dogo kwenye udongo ilipong'olewa fimbo ya ethi, ile inayouingiza umeme ardhini.

"Walikuja usiku wa kuamkia Jumatatu," mjomba akasema. "Mlinzi anasema hakusikia kitu."

Kisha akatoa simu mfukoni, akaipangusa kwa shati. "Lakini shida hii inakwisha. Tazama. Ulaya wameshakamata radi kwa leza. Waya hauhitajiki tena. Mwizi ataiba nini, mwanga?" Ilikuwa video fupi: mlima, mnara, mstari wa kijani ukipanda mawinguni, halafu mwako. Alikuwa ameshairusha kwenye kundi la WhatsApp la walimu na makofi yalikuwa mengi.

Pale sikumjibu. Mjomba habishiwi mbele ya walimu wenzake, na mimi mwenyewe habari hiyo nilikuwa sijaisoma sawasawa. Sasa nimeisoma. Shikamoo mjomba, jibu lako hili hapa.

Video ni ya kweli. Mlima unaitwa Säntis, uko kaskazini-mashariki mwa Uswisi, kilele chake kina mita 2,502 juu ya usawa wa bahari. Juu yake kuna mnara wa mawasiliano wa mita 124 ambao hupigwa na radi mara 100 hivi kwa mwaka. Kwa mtu anayetafuta radi ya kufanyia majaribio, huo ni mgodi. Kiangazi cha 2021 kundi la watafiti, akiwamo Jean-Pierre Wolf wa Chuo Kikuu cha Geneva na Aurélien Houard wa Ufaransa, lilipandisha huko leza iliyotengenezwa na kampuni ya Kijerumani ya TRUMPF. Si leza ya kuchezea paka. Ina urefu wa mita 9 hivi na uzito unaozidi tani 3, na ilibidi ifunguliwe vipande ili ifike kileleni. Kati ya Julai 21 na Septemba 30 iliwashwa wakati wa dhoruba kwa jumla ya saa sita na kidogo, ndege zikiwa zimekatazwa kupita jirani. Katika kipindi hicho mnara ulipigwa na radi zisizopungua 16. Nne kati ya hizo zilipiga leza ikiwa inafanya kazi. Siku moja, Julai 24, anga ilikuwa wazi kiasi cha kamera za kasi kuona kila kitu: radi iliufuata mwale wa leza kwa umbali wa mita 50 hivi badala ya kwenda zigizaga kama kawaida yake. Matokeo yakachapishwa Januari 2023, na ndipo video ikaanza safari yake hadi kwenye simu ya mjomba.

Rudia sentensi moja hapo juu, mjomba: mnara ulipigwa. Radi haikukamatwa na mwanga hewani ikapotelea huko. Ilipita kwenye njia iliyofunguliwa na leza, ikafika kwenye chuma cha mnara, ikashuka kwenye chuma hicho hadi kwenye ethi yake mlimani. Chuma kilikuwapo na ethi ilikuwapo. Leza ilichofanya ni kuurefusha mtego kwa mita kama hamsini za hewa. Hilo ni jambo kubwa, na nitaeleza kwa nini, lakini ni jambo tofauti kabisa na lile lililoandikwa chini ya video, kwamba waya hauhitajiki tena.

Kwanza tuione kazi yenyewe, maana ni nzuri na inastahili kuelezwa vizuri kuliko ilivyoelezwa kwenye kundi.

Hewa haipitishi umeme. Ili cheche iruke kwenye hewa ya kawaida inahitajika kani ya volti milioni 3 hivi kwa kila mita. Njia ya kuishinda ni kuzinyang'anya molekuli elektroni zake, na hewa iliyonyang'anywa elektroni ndiyo plazma. Wenye istilahi zao huiita utegili, hali ya nne ya maada baada ya yabisi, kimiminika na gesi. Sasa kuing'oa elektroni kwenye molekuli ya oksijeni kunahitaji nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe ndogo) 12 hivi, na kwenye nitrojeni karibu 16. Leza ya Säntis ilitoa mwanga wa infraredi ambao kila chembe yake, kila fotoni, ina elektronivolti 1.2 tu. Fotoni moja haifui dafu. Hata fotoni bilioni zikija moja moja hazifui dafu.

Umewahi kuona lori limekwama matopeni masika? Akija mtu mmoja akasukuma akaondoka, akaja mwingine akasukuma akaondoka, hata kijiji kizima kikipita hivyo lori litalala pale pale. Wakija watu kumi wakasema "haya, moja, mbili, tatu!" wakasukuma kwa pamoja, linatoka. Hivyo ndivyo hewa inavyovunjwa. Fotoni kama kumi lazima zimkute mwenye nyumba, yaani molekuli moja, kwa wakati uleule hasa. Na njia ya kuzikutanisha ni kubana mwanga mwingi kwenye muda mfupi usiofikirika.

Mapigo ya leza ile yalikuwa na nishati ya nusu jouli hivi. Nusu jouli ni kidogo, ni kama kuinua nusu lita ya maji kwa sentimita kumi. Lakini nishati hiyo ikibanwa ndani ya pikosekunde moja, sehemu moja ya trilioni ya sekunde, muda ambao mwanga wenyewe husafiri milimita 0.3 tu, nguvu ya kilele inafika nusu terawati: megawati 500,000. Bwawa la Julius Nyerere, mitambo yake yote tisa ikizunguka, linatoa megawati 2,115. Pigo moja la leza, kwa kitambo hicho cha pikosekunde, linazidi mabwawa ya Nyerere zaidi ya 200. Halafu piga hesabu ya wastani: mapigo 1,000 kwa sekunde, nusu jouli kila moja, unapata wati 500. Hiyo ni nusu ya pasi yako ya umeme. Sijui kama kuna mfano mwingine duniani ambapo kitu hicho hicho ni mabwawa 200 na nusu pasi kwa pamoja.

Mwanga mkali kiasi hicho unafanya kitu kingine. Unaigeuza hewa inayopita kuwa lenzi, nayo lenzi hiyo inaubana mwanga zaidi. Ukishabanwa sana plazma inazaliwa, na plazma inafanya kinyume: inautawanya. Mwanga unajibana, plazma inautanua, na katika mvutano huo mwale unatulia kuwa uzi mwembamba kama unywele, unaokwenda makumi ya mita bila kupanuka. Uzi wa plazma hewani, pasipo bomba wala kioo wala waya.

Kutengeneza plazma hewani kwa leza si jambo jipya. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza mwaka 1960, na miaka mitatu tu baadaye watafiti walikuwa wameshaona kwamba mwale wa leza ya yakuti ukikusanywa kwa lenzi unaweza kupasua hewa na kutoa cheche inayolia kama kofi. Ila ile ilikuwa nukta moja ya moto. Mwaka 1974 Leonard Ball akapendekeza kwa maandishi kwamba leza itumike kama mtego wa radi. Wazo likamtangulia fundi wake: leza zenye nguvu ya kutosha hazikuwapo, na zile za nguvu zilikuwa zinajiunguza zenyewe kabla ya kuunguza hewa. Kufuli hilo lilifunguliwa mwaka 1985 na Donna Strickland na Gérard Mourou huko Rochester, Marekani, kwa hila rahisi kuielewa ukishaambiwa: linyooshe pigo la mwanga liwe refu na dhaifu, likuze likiwa hivyo, kisha libane mwishoni. Wakapewa Nobeli ya fizikia mwaka 2018.

Mwaka 2004 watafiti wa Ulaya walipeleka leza ya aina hiyo kwenye milima ya New Mexico, wakaipiga mawinguni. Dalili za umeme zilionekana, lakini radi haikufuata mwale. Leza yao ilipiga mapigo 10 kwa sekunde. Ile ya Säntis ilipiga 1,000. Na hapa ndipo penye utamu, maana sababu ya tofauti hiyo inageuza kichwa cha habari juu chini.

Watu wanadhani plazma ni waya wa moto uliotandikwa hewani na radi inateremkia humo. Sivyo. Katika uzi ule ni molekuli chache tu, hazifiki moja katika elfu, zinazopoteza elektroni. Na elektroni hizo zinanaswa tena ndani ya nanosekunde chache. Radi ikitaka kupita, plazma imeshakufa zamani. Kinachobaki ni joto. Hewa iliyopata joto inatanuka, inasukumwa pembeni, na kwa milisekunde kadhaa panabaki mfereji wa hewa nyepesi. Kwenye hewa nyepesi elektroni inakimbia mbali kabla ya kugongana, inapata kasi, inang'oa nyingine. Ni tofauti ya kupita Kariakoo saa kumi jioni na kupita Kariakoo alfajiri ya Idi. Leza ya mapigo 10 kwa sekunde inaacha mfereji ufunge kabla ya pigo la pili kufika. Ya mapigo 1,000 inaukuta bado uko wazi, inaongeza. Kwa hiyo radi ya Säntis haikufuata plazma; ilifuata tundu ambalo plazma iliacha nyuma. Plazma ilikuwa jembe.

Nikiishia hapa mjomba atasema nimemuunga mkono. Basi tuje kwetu.

Mnara wa Säntis una tabia moja ambayo video haisemi. Uko juu sana, mrefu sana, kiasi kwamba radi zake karibu zote zinaanzia mnarani kwenda juu: ncha ya chuma ndiyo inayorusha mkono wa kwanza kuelekea wingu. Radi hizo nne zilizoongozwa na leza zilikuwa za namna hiyo, tena zote za chaji chanya, ambazo hata pale mnarani ni chache. Radi inayoua watoto Geita au Kiryandongo kwa kawaida inatoka upande wa pili. Inaanzia winguni, inashuka kwa hatua, inachagua mahali pa kugusa ikiwa imeshakaribia chini. Kama leza inaweza kuielekeza hiyo, bado haijaonyeshwa. Na nne ni nne. Mtu akirusha sarafu mara nne haandiki kanuni.

Halafu kuna jiometri. Mtego wa kawaida wa radi hukinga, kwa kukadiria, duara ambalo nusu kipenyo chake ni sawa na kimo chake. Mlingoti wa mita 10 unakinga mita 10 kila upande. Kwa darasa, inatosha. Kwa uwanja wa ndege wenye barabara ya kilomita tatu, au uwanja wa kurushia roketi, haitoshi, na huwezi kusimamisha mlingoti wa nusu kilomita njia ya ndege. Hapo ndipo leza inapoleta maana: inakupa mlingoti wa mwanga unaouwasha dhoruba ikija na kuuzima ikipita. Watafiti wenyewe wamesema hivyo tangu mwanzo, kwamba wanalenga viwanja vya ndege, mitambo na maeneo makubwa. Shule ya mjomba ina madarasa saba, choo, na mwembe.

Tuwaseme waliokufa, kwa sababu bila wao haya yote ni maneno ya fizikia tu. Juni 2011 radi moja iliua watoto 18 wa shule ya msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda. Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada walikufa kwa pigo moja. Januari 2025 wanafunzi saba wa sekondari walikufa darasani Bukombe, mkoani Geita. Si bahati mbaya kwamba majina haya yanazunguka ukanda mmoja. Ziwa Victoria hutengeneza dhoruba zake usiku, na mchana upepo wa ziwa huzipeleka kwenye nchi kavu, saa ambazo watoto wako shuleni. Magharibi zaidi, Kabare karibu na Bukavu nchini Kongo, setilaiti zimehesabu mimweko 205 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Duniani kote ni Ziwa Maracaibo la Venezuela tu lililozidi, 233.

Sasa, watu hawa walikufaje? Wengi wetu tunaona picha ya radi ikimpiga mtu utosini. Madaktari waliochunguza majeruhi wa radi wanasema pigo la moja kwa moja halizidi tano kwa kila watu mia. Karibu nusu huumizwa na umeme unaotambaa ardhini baada ya radi kugusa kitu jirani. Wengine wengi na umeme unaoruka kutoka kwenye mti au ukuta kuja kwenye mwili. Mfugaji analijua hili bila kusoma. Ng'ombe wakikimbilia chini ya mti hufa kundi zima wakati mchungaji pengine anapona, kwa sababu miguu ya mbele ya ng'ombe iko mbali na ya nyuma, na umeme wa ardhini unapanda mguu mmoja unashukia mwingine, moyo ukiwa katikati. Mwaka 2016 huko Norwei kulungu wa baridi 323 walikutwa wamelala uwandani hivyo hivyo. Hakuna anayeamini kwamba kila mmoja alipigwa radi yake.

Darasa letu nalo lina ubaya wake. Nyumba ya Ulaya imejaa mabomba ya maji na nyaya ukutani. Radi ikipiga paa inapata njia nyingi za kushuka bila kumpitia mtu. Darasa la matofali ya udongo na paa la bati halina kitu cha chuma kati ya bati na sakafu. Isipokuwa watoto. Bati linapokea, ukuta haupitishi, sakafu ni udongo mbichi wa masika, na miguu imevaa kandambili au haijavaa kitu.

Bibi yangu mvua ikianza alikuwa akigeuza kioo kitazame ukuta na kumfukuza chumbani aliyevaa nguo nyekundu. Tulimcheka. Lakini angalau bibi alijua hatari imo ndani ya nyumba, haiko winguni. Kwa hilo alikuwa karibu na ukweli kuliko video ya mjomba. (Wale wa radi za kutumwa nawaacha leo, nitasema tu kwamba radi ya kutumwa ingekuwa haina sababu ya kupenda mahali palipoinuka pasipo na ethi.)

Hivyo leza, hata ikiwa ya bure, hata ikiletwa na helikopta ikafungwa nyuma ya darasa la tano, inatatua nini? Inaivuta radi kutoka mbali zaidi ije kwenye mtego. Ukishaivuta ije kwenye fimbo ambayo waya wake umekatwa kimo cha mkono, umefanya nini? Fimbo ile iliyobaki juu ya paa la mjomba tayari ni mwaliko usio na mlango wa kutokea. Radi ikiipiga itashuka na ukanda wa shaba mpaka pale panapoishia, na kutoka hapo itajitafutia, kupitia ukuta uliolowa na dawati lililoegemea ukuta. Mjomba, kama hutasikia kitu kingine katika maneno haya, hamisha madawati ya upande ule.

Najua hoja inayokuja. Tuliruka simu za waya tukaenda moja kwa moja kwenye mkononi. Tuliruka hundi tukaenda kwenye M-Pesa. Basi na hapa turuke. Ni hoja tamu na imetuharibu akili kidogo. Simu ya mkononi iliuondoa waya kwa kweli: sauti inasafiri hewani inafika. Radi haisafiri hewani ikafika salama. Mwisho wake lazima uwe ardhini, na wa kuifikisha ardhini ni chuma. Benjamin Franklin, Mmarekani aliyebuni mtego wa radi, alilijua hilo mwaka 1752 na watu wa Säntis walilijua mwaka 2021. Sehemu iliyobadilika katika miaka 269 ni ya juu ya fimbo. Ya chini ni ile ile.

Lakini mjomba ana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza, na watu wa miradi huipuuza kila mara: mwizi. Ukifunga shaba, itaibwa. Ukifunga tena, itaibwa tena, na ripoti ya mradi itaendelea kusema shule imekingwa. Nimechoka kusoma kwamba dawa ni "kuelimisha jamii juu ya umuhimu wa miundombinu". Aliyekata ukanda ule anajua umuhimu wake vizuri sana, kwa kilo.

Dawa iko kwenye nondo. Kiwango cha kimataifa cha kinga ya radi, IEC 62305, kinaruhusu nondo zilizo ndani ya nguzo za zege zitumike kuteremsha radi, mradi zimeunganishwa sawasawa kutoka juu hadi chini. Na zege lenyewe likiwa kwenye msingi linafanya kazi ya ethi. Hilo liligunduliwa Arizona wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jeshi la Marekani lilikuwa na maghala ya mabomu kwenye ardhi kavu ya jangwa ambako fimbo za ethi zilizopigwa ardhini hazikufua dafu, na mhandisi Herbert Ufer akaona kwamba chuma kikifukiwa ndani ya zege la msingi, zege linavuta unyevu wa udongo na kuushika, na umeme unapita vizuri kuliko kwenye fimbo. Kama ilitosha kwa mabomu itatosha kwa darasa la tano. Nondo iliyo ndani ya zege haikatwi usiku. Kuing'oa inabidi ubomoe nguzo, na mlinzi, hata huyu wa mjomba, atasikia.

Gharama yake darasa likiwa bado linajengwa ni waya wa kufungia, vibanio vichache, na fundi anayejua kwamba kila nondo ya nguzo lazima ishikane na ya msingi na ya lenta, kisha ncha moja itokeze juu ishikane na bati na fimbo. Darasa likishapigwa lipu, nafasi imepita. Madarasa mengi yamejengwa nchini miaka hii ya karibuni, kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona, na mengi yana nondo ndani yake, zimekaa kimya. Ningekuwa na kalamu ya kusaini ramani za madarasa ningeongeza mstari mmoja tu. Mstari huo haungehitaji leza wala mfadhili.

Kwa zile zilizokwisha kujengwa, kama ya mjomba, kuna chuma cha mabati badala ya shaba: bei ndogo, mwizi hakitaki sana, na ardhini kinadumu kiasi. Aluminiamu nayo inafaa ukutani, ila usiizike, udongo unaila. Na sehemu ya chini ipitishwe ndani ya bomba lililojengewa zege hadi juu ya kimo cha mtu. Si kazi ya kuvutia. Hakuna atakayeirusha kwenye kundi.

Nisionekane naidharau leza. Plazma ya leza imeshaingia kwenye kazi za watu kwa mlango mwingine, mdogo. Chombo cha Curiosity kilichotua Mirihi mwaka 2012 kina leza inayopiga mwamba ulio mita saba mbele, mwamba unatoa cheche ya plazma, na rangi za cheche hiyo zinataja madini yaliyomo. Mashine ya aina hiyo hiyo siku hizi inashikwa mkononi kama bastola. Wateja wake wazuri duniani ni wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaotaka kujua haraka chuma walicholetewa ni cha aina gani kabla ya kukipandisha mzani.

Ukanda wa shaba wa darasa la tano, ukisafiri mbali vya kutosha, utafika kwenye yadi yenye mashine hiyo. Utalazwa juu ya meza, kifyatulio kitabonyezwa, cheche ndogo kuliko kichwa cha pini itawaka, na kwenye kioo yatatokea maandishi: shaba. Aliyeshika mashine ataandika uzito na bei. Ukuta ulikotoka ukanda ule hautatajwa kwenye kioo.